Kipanya cha Kilatini

"Panya wa Mkumbi nimewala wote, wamekwisha. Nikavuka nikala wa kata ya Ruanda. Paka wa kule wananitazama kama mtu aliyewadhulumu urithi. Na mkono ndio huu, uangalie, mti wa fagio. Sasa daktari unataka nile nini tena? Nile paka wenyewe?"

Huyo ni Ildefonsi Ndunguru, mkulima wa Mkumbi. Amesimama katikati ya chumba cha mazoezi ya viungo, kwenye kituo kimoja cha afya hapa Mbinga mjini, shati kalivua bega moja. Mezani ameweka kijiti cha panya wakavu, wamebanwa kwa mstari kama mishikaki, mikia inaning'inia juu ya makaratasi ya serikali. Aliyekuwa akisemeshwa ni Tumpe, mtaalamu wa viungo, binti wa Tukuyu aliyeletwa huku na kazi. Sisi wengine tulikuwa kwenye benchi pale mlangoni, kila mtu na kiungo chake kibovu. Mimi nilikwenda na goti, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilisahau kama linauma.

"Toa hao wanyama mezani kwangu," Tumpe akasema.

"Hawa siyo wanyama. Ni dawa yako."

"Mimi sijawahi kumwandikia mtu panya."

"Hukuandika, ulitamka. Na shahidi ninaye, mke wangu huyu hapa."

Mke wake, Flavia, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kikapu katikati ya miguu. Akatazama ukuta. "Mimi usinitaje," akasema.

Ili ugomvi ule ukuingie, inabidi kwanza uujue mkono. Maana Ildefonsi bila ule mkono ni mtu wa kawaida tu, na ukimwondolea mdomo, hata kwenye kawaida hafiki.

Kwetu Umatengoni shamba la mlimani linalimwa kwa ngolo. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza chini kwa mistari inayokatizana, mpaka mlima unaonekana kama umetandikwa wavu. Mwanamke anakuja nyuma na jembe, anachimba katikati ya kila tundu la wavu, na udongo anaoutoa anafukia zile nyasi. Yanabaki mashimo, mvua ikinyesha maji yanakaa humo, hayakimbilii bondeni na udongo wetu. Kulaza ni kazi ya mume, kufukia ni kazi ya mke. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini jaribu kugeuza uone utakavyoimbwa kilabuni.

Sasa mkono wa kulia wa Ildefonsi ulikuwa na sifa kata nzima. Alikuwa akifyeka mteremko asubuhi, na kabla jua halijawa kali ameshalaza, mistari imenyooka kama ya daftari. Kwenye kazi za kusaidiana, zile za kuitana na kunyweshana pombe, yeye ndiye aliyeanza mstari wa kwanza na wengine tunamfuata. Na alijua. Shati la mikono mirefu hakuwa nalo. Akisalimia anakunja mkono, akipokea chenji anakunja mkono. Kanisani wakati wa kupeana amani, watoto walikuwa wanapanga foleni kumshika nundu.

Juni iliyopita akapanda juu ya mgrivea, mti wa kivuli katikati ya kahawa zake, akate tawi. Flavia akamwambia tawi lile limeoza. Akajibu kwamba tawi linamjua. Halikumjua. Alivunjika mkono uleule, akafungwa plasta ngumu kuanzia kiganja mpaka juu ya kiwiko, na siku ilipokatwa ile plasta, kilichotoka ndani wala si mkono. Ilikuwa kama kitu alichoazimwa na mtoto wa shule. Alikaa nacho kwenye gari mpaka Mkumbi, amekifunika kwa kanga ya mke wake.

Ndipo akapelekwa kwa Tumpe mara ya kwanza. Siku ile pia nilikuwepo, goti langu ni la zamani.

Tumpe ni mjuzi wa kazi yake, hilo simnyimi. Lakini ni mtu anayeongea na mgonjwa kama anayemdai. Shikamoo hakutoa, na Ildefonsi ana mvi. Akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku, akasema chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza mchanga, inua asubuhi na jioni, taratibu, msuli utarudi.

"Utarudi kutoka wapi?" Ildefonsi akauliza. Aliuliza kwa ukali, maana alikuwa na hofu.

"Kunja ule mzima."

Akakunja wa kushoto, kwa fahari, maana hata wa kushoto kwake si haba. Nyama ikajikusanya ikapanda.

"Kunjua. Kunja tena. Unaona anavyokimbia chini ya ngozi? Huyo ni panya. Msuli kwa Kiingereza wanaita muscle. Waingereza neno hilo walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Kwa Kilatini ni musculus, maana yake kipanya, panya mdogo. Watu wa Roma ya zamani walikuwa wakimwona mtu anakunja mkono, wanaona kama panya anapita chini ya shuka. Tulifundishwa chuoni."

Angeishia hapo tungekuwa salama wote. Lakini aliona benchi zima limenyamaza linamsikiliza, na hakuna kinachomharibu mtu kama benchi linalosikiliza. Akausogeza mkono wa kulia kwa ncha ya kidole.

"Huku kipanya hayupo," akasema. "Si mnawala nyie watu wa Ruvuma? Labda umemla wako mwenyewe."

Watumishi waliotoka mikoa mingine walicheka mpaka wakashikana. Sisi wenyeji tulicheka kwa shavu moja. Utani wa panya tunaujua, tumeusikia tangu jeshini na vyuoni, kila ukitaja Ruvuma mtu anakuuliza umekuja na mfuko wa panya. Mimi siku hizi nina jibu. Nawaambia anayetaka kumcheka mla panya aanze na Mwingereza, maana huyo kila akiutaja mkono wake ana panya mdomoni na hajui. Lakini jibu hilo nililipata baadaye, siku ile sikuwa nalo.

Ildefonsi hakucheka na wala hakukasirika. Katika maneno yote yale yeye alishika moja, Kilatini.

Hapo lazima umwelewe. Kwetu Kilatini siyo lugha ya kununulia chumvi. Marehemu baba yake alikuwa anamjibu padre misa nzima kwa Kilatini, maneno yanatiririka kama maji, hajui maana ya hata moja, na mvua zilikuwa zinanyesha. Mtu wa namna hiyo ukimwambia Kiingereza kimesema, atakuuliza Mwingereza yupi. Ukimwambia Kilatini, anavua kofia.

Hata hivyo hakukurupuka. Alikwenda kwanza kwa Nathanieli, katekista mstaafu, ambaye ujanani alipita seminari ndogo kabla hawajamrudisha kwa sababu ambazo hatuulizi.

"Shikamoo katekista. Musculus ni nini?"

"Marahaba. Kipanya," Nathanieli akajibu bila kuacha kupukuchua mahindi. "Mus ni panya. Musculus, kipanya. Amekuja nani huko mjini anayeuliza mambo haya?"

"Kilatini kinaweza kukosea?"

"Anayekosea ni msomaji."

Basi Ildefonsi akarudi nyumbani ameshapata tiba. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama msuli ni kipanya, na kipanya hayupo, basi anarudishwa kwa njia ileile inayopita kila kitu kinachoingia mwilini, yaani mdomoni. Wewe cheka. Lakini mtu akipungukiwa damu si tunamnywesha rozela kwa sababu ni nyekundu? Na anayekunywesha ana digrii.

Akaanza. Kiangazi chote alitega mitego mashambani, maharage yakishavunwa panya wanakuwa wanono. Akatega kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala mfukoni unasubiri kuletewa. Na kwa vile neno limesema kipanya, wakubwa hakuwagusa. Alikuwa akila wadogo tu, wale wakubwa anawagawa kwa majirani. Sitasema uongo, kiangazi kile nyumbani kwangu tulikula vizuri, na kila jioni nilikuwa nikimwuliza, "Ndugu yangu, unaona dalili?" Ananijibu, "Kuna kitu kinatekenya." Nami nasema ongeza mtego wa upande wa mtoni.

Flavia hakutaka kusikia. Yeye ni Mnyasa, kazaliwa ufukweni kule Mbamba Bay, kakuzwa na samaki wa ziwa, usipa na mbasa. Tangu aolewe kupanda huku milimani anakula chetu chote, ila panya hapana. "Sufuria zangu haziingii panya," alimwambia. "Kama ni dawa, ina chungu chake." Ikabidi mzee mzima awe na chungu chake nyuma ya nyumba, anachemsha, anatia chumvi, anakausha, anabana kwenye kijiti, peke yake kama mchawi.

Na chupa ya mchanga? Chupa ilikuwepo. Hilda, binti yao, ndiye aliyeijaza akaiweka dirishani, pale ambapo kila anayepita njiani anaona ndani. Ndiyo ilikuwa kasoro. Mtu aliyekuwa akibeba gogo la mgrivea begani leo aonekane na kichupa, anapandisha anashusha, watoto walewale waliopanga foleni kanisani wakimhesabia? Afadhali panya. Panya unamla gizani.

Yote hayo yangekuwa vichekesho vyetu vya kilabuni na mambo yakaisha. Tatizo likawa Edmund.

Edmund ni kaka yake mkubwa, mtu mkavu, akiongea anatazama mpaka wa shamba lako. Mteremko wa juu, ule ulio bora kuliko mashamba yote waliyoachiwa na baba yao, ni wa Ildefonsi. Lakini ulikuwa umelala nyasi msimu wa pili, kwanza kwa kupumzishwa, halafu kwa mkono. Mwezi Januari Edmund akaita ukoo, akasema mbele ya wote: "Ardhi ya baba haikuachwa ifuge panya. Mwisho wa Machi aliyelaza nyasi pale ndiye mwenye shamba. Kama ni Ildefonsi, sawa. Kama hawezi, Jastini wangu ataweza." Jastini ni mwanawe, kijana ana mkono kama mchi, na alikuwa ameshaanza kunoa panga siku hiyohiyo, nje, tunasikia.

"Ita watu wakusaidie," tulimshauri Ildefonsi. "Pika pombe, tutakuja."

"Mtu akiitiwa watu wamlazie mstari wa kwanza huyo amekwisha," akajibu. "Mkono unarudi."

Machi ikaingia. Asubuhi moja akapanda na panga mteremkoni, akapiga mara kadhaa, panga likamtoka likaenda kulala kwenye nyasi. Alilitafuta muda mrefu, akaliacha hukohuko. Kesho yake akachukua kijiti cha panya waliobaki, akavaa shati, akamwambia Flavia twende mjini. Ndipo nasi kwenye benchi tukaonjeshwa ugomvi ule.

"Mimi nilikutania," Tumpe alikuwa akisema sasa. Kijiti amekisukuma kwa kalamu mpaka ukingoni mwa meza.

"Ulinitania kwa Kilatini?"

"Nilikueleza neno limetoka wapi. Neno. Siyo nyama."

"Uliniambia msuli ni kipanya na wangu hayupo. Nikauliza kwa katekista, akasema ni kweli. Sasa mwongo nani, wewe au katekista?"

"Hakuna mwongo. Jina la kitu siyo dawa ya kitu. Chonge Waingereza wanaliita jino la mbwa, lakini daktari wa meno hamwambii mgonjwa ale mbwa."

"Usinichanganye na mbwa. Mimi nimekuja na mkono."

Mama mmoja mgonjwa wa kiuno akaguna. Tumpe akasimama, mfupi lakini mkali, akaukamata ule mkono pale juu ya kiwiko, akauzungushia vidole, na vidole vikakutana.

"Siku ile nilikuambia mambo mawili," akasema. "La kufanya na la kucheka. Ukaondoka na la kucheka."

"La kufanya ulilisema kwa Kiswahili."

Hapo hata mimi niliinamisha kichwa. Siyo kwa kucheka. Niliona ni kweli, na niliona ni aibu, na sikujua ni aibu ya nani.

"Chupa uliinua?" Tumpe akauliza.

Ildefonsi akaanza kunyoosha mikia ya panya kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuuliza baba. Hata siku moja, uliinua chupa?"

"Chupa ipo," Flavia akasema kutoka mwisho wa benchi, bado anatazama ukuta. "Mchanga wake umeota nyasi."

"Unanigeuka mbele ya watu," Ildefonsi akamwambia.

"Uliniita shahidi, mimi nilikukataza."

Tumpe akamgeukia Flavia, nadhani kwa sababu kwa mume ameshachoka. "Mama, shamba lenu mnafyeka lini?"

"Mwisho wa mwezi huu. Asipolaza nyasi, kaka yake analichukua."

"Basi mkono huu mwezi huu haufyeki. Panga ni la mkono mmoja, litamtoka. Mwambieni huyo kaka mtu asubiri mwakani."

"Hasubiri."

Tumpe akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, uso ulilegea kidogo, na kwa mara ya kwanza nikaona kumbe ni binti mdogo tu. "Jembe angeweza," akasema. "Taratibu. Jembe linashikwa kwa mikono miwili, mzima unamvuta mgonjwa. Tena ni zoezi zuri kuliko chupa. Angeanza nalo sasa, msimu ujao angefyeka."

Hakujua alichokisema. Kwao Tukuyu labda jembe ni jembe. Lakini benchi lote la wenyeji likavuta pumzi, na Ildefonsi akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Nifukie?" akasema polepole. "Mimi nishike jembe nifukie, halafu nyasi ailaze nani? Jastini?"

Flavia akainuka. Akakisogeza kikapu kwa mguu, akaja mpaka pale mezani, akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani. Akakunja. Mimi nimewajua hawa watu miaka mingi, mikono ya Ildefonsi nimeisifia mpaka nimechoka, na sijawahi hata siku moja kuuangalia mkono wa Flavia. Nyama ilipanda ikasimama, ngumu, ndogo, kama kitu kilichokaa kinasikiliza.

"Huyu," akasema, "sijamlisha panya hata mmoja. Kala usipa na jembe."

Hakuna aliyecheka, hata wale wa mikoa mingine.

"Edmund alisema aliyelaza nyasi ndiye mwenye shamba," akaendelea, sauti ileile, kama anaagiza sabuni. "Nilikuwepo, nimepika mimi ule ugali wa kikao. Hakusema aliyelaza nyasi mwenye suruali. Panga ulilolitupa nimeliokota, nimelinoa. Kesho nalaza mimi."

"Watu watasema nini?" Ildefonsi akauliza.

"Watasema. Walishasema na ya panya."

"Flavia."

"Ninataka kujua kitu kimoja, baba Hilda, nijue leo, hapahapa, siyo nyumbani ambako utanijibu kwa kuzima taa. Nikilaza mimi, nani atafukia?"

Ildefonsi akatutazama sisi wa benchi. Nikaangalia goti langu. Akamtazama Tumpe, ambaye ghafla alikuwa na makaratasi ya kupanga. Akalivuta lile shati begani, vifungo vikamshinda kwa mkono wa kulia, akaviacha. Akakichukua kijiti cha panya kwa mkono wa kushoto, akatupita, tukakunja miguu kumpisha.

Kupitia mlangoni tulimwona anavuka uwanja. Getini ukiingia kulia unakwenda stendi kwenye magari ya Mkumbi, ukiingia kushoto unashuka njia ya ziwani, kwao Flavia. Alisimama pale kidogo, mikia ya panya inacheza na upepo, halafu lori likapita na vumbi lake. Vumbi lilipotulia hakuwepo, na hatukuona amekata upande gani.

Flavia alikuwa bado amesimama pale mezani, mkono umekunjwa.